Mwezi wa Kumi na Tatu

Kwenye fomu ya forodha, pale uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, Mwalimu Salvina aliandika: mashine ya kufundishia hesabu, moja. Hakuandika kompyuta. Kuingiza kompyuta nchini kulitaka kibali, na kibali hakuwa nacho. Alikuwa na cheti cha mwaka mmoja wa masomo huko Uingereza, koti zito ambalo asingelivaa tena, televisheni ndogo ya mtumba, na mashine yenyewe, nyeusi, nyembamba, iliyozidi kitabu cha sala kwa ukubwa kidogo tu. Ofisa aliigeuza, akaitikisa karibu na sikio, akauliza kama inatumia betri. Salvina akasema hapana. Fomu ikagongwa muhuri.

Hiyo ilikuwa Oktoba ya mwaka themanini na mbili. Ilipofika Mei ya mwaka uliofuata, hakuna mtu kati ya Shinyanga na Geita aliyesikia mlio wa gari la serikali akaendelea na kazi yake kwa utulivu. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umepamba moto. Watu walifukia sabuni shambani. Mwenye duka mmoja wa Nyahanga, ilisemekana, alimwaga sukari kisimani, na kijiji kizima kikanywa maji matamu kwa wiki. Lakini kilichotafutwa zaidi upande huu kilikuwa dhahabu, ile iliyotoka mashimoni Nyarugusu na Bulyanhulu na kuvuka mpaka bila kuonekana. Kila mgeni aliangaliwa mikono, na kila chombo chenye waya kiliulizwa kinaongea na nani.

Salvina alifundisha hesabu katika Sekondari ya Nyamhela, shule ya parokia iliyoko kwenye barabara ya kwenda Ushirombo. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Kila Alhamisi, parokia ilipowasha jenereta kwa ajili ya karakana ya useremala, Padre alimruhusu avute waya mmoja mpaka darasa la kidato cha tatu. Umeme ulikuwapo kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja kamili. Hapo fundi alizima, kwani dizeli ilikuwa ya kubembelezwa. Kwa saa hizo mbili wanafunzi ishirini na sita walijibana mbele ya kioo cha televisheni kisichozidi sahani ya chakula, wakajifunza kuiamuru mashine ifanye hesabu.

Mashine ilikuwa na tabia moja mbaya. Ukiizima, inasahau kila kitu. Kwa hiyo programu zilihifadhiwa kwenye kaseti ya kawaida, kwa redio kaseti ya shule, na zilipochezwa tena ili mashine izisome zilitoa mlio mkali, kama msumari unaokwaruza bati. Mlio huo ulifika barabarani. Waliopita na baiskeli zao waligeuza shingo.

Jumatano moja ya Mei hiyo, Mkuu wa shule, Bwana Kamili, alimwita ofisini. Alikuwa mtu mwangalifu, mwenye mazoea ya kufunga dirisha kabla ya kusema jambo.

"Mwalimu, ile mashine yako ina karatasi?"

"Ina fomu ya forodha."

"Fomu inasema ni nini?"

Salvina akamwambia.

Bwana Kamili alikagua komeo la dirisha. "Jana sokoni nimeulizwa kama tuna redio ya upepo hapa shuleni, ya kuongea na watu wa mbali. Nimeulizwa mara mbili, na watu wawili tofauti. Kesho usiiwashe."

"Wanafunzi wako katikati ya kazi, Mkuu. Wiki iliyopita tuliishia njiani. Wakikaa wiki mbili watakuwa wamesahau."

"Mimi nimekwambia," alisema Bwana Kamili, akafungua dirisha.

Salvina aliiwasha. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini. Sehemu ilikuwa ukaidi. Sehemu nyingine ilikuwa kwamba kazi ile ilikuwa nzuri, na alikuwa na haraka nayo.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: unaipa mashine tarehe yoyote, yenyewe inakuambia ilikuwa siku gani ya juma. Kanuni aliitoa kwenye kitabu chake cha masomo. Kilichowafurahisha wanafunzi ni kwamba kanuni hiyo, japo ilitungwa Ulaya, ilianza kuhesabu juma kutoka Jumamosi, kama Kiswahili kinavyohesabu: mosi, pili, tatu. "Huyu mzee aliyeitunga alikuwa Mswahili," alisema Theopista, na darasa likacheka.

Theopista, binti wa muuguzi wa zahanati ya misheni, ndiye aliyekuwa na vidole vyepesi kuliko wote. Alhamisi iliyotangulia ndiye aliyeingiza programu yote kwenye mashine, mstari kwa mstari, akishindana na jenereta. Salvina alimpa nafasi hiyo mara nyingi, yeye na wengine watano au sita walioelewa upesi. Saa mbili zilikuwa chache, na mashine ilikuwa moja. Waliobaki walitazama.

Alhamisi, saa kumi kasoro robo, kaseti ikiwa ndiyo kwanza inapiga kelele zake, Land Rover ilikata kona na kusimama uwanjani.

Darasa lilinyamaza. Kaseti haikunyamaza, iliendelea kukwaruza peke yake mpaka mwisho, kisha kwenye kioo ikatokea orodha ya mistari yenye namba. Salvina alifikiri kuchomoa waya. Alifikiri pia kuisukuma mashine chini ya rundo la madaftari, kisha akaona macho ya wanafunzi ishirini na sita yanayomtazama atafanya nini. Akaweka mikono yake mezani.

Waliingia wanaume wawili, Bwana Kamili nyuma yao. Wa kwanza alikuwa mrefu, mwenye suti ya kaki ya mikono mifupi na uso wa mtu asiyelala vizuri. Wa pili alikuwa mgambo wa pale kijijini, na bunduki yake begani. Wanafunzi walisimama.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaeni." Yule mrefu alitazama waya kuanzia dirishani mpaka mezani. "Naitwa Cornel. Nimetoka mkoani. Ndugu Mwalimu, hiyo ndiyo inayopiga kelele kila Alhamisi?"

"Ndiyo, ndugu. Ni mashine ya kufundishia, ngoja nikueleze inavyo…"

"Hapana. Wewe hutanieleza." Hakupaza sauti. Alichukua kiti, akakiweka karibu na mlango, akakipigapiga mgongo. "Utakaa hapa. Nimeshaelezwa mengi na watu wazima mwezi huu, kila mmoja ana maelezo mazuri. Mimi nataka wanaofundishwa ndio wanieleze. Ukisema neno moja, au ukitingisha kichwa, nitaandika kwamba umewaelekeza. Tumeelewana?"

Salvina akaenda akaketi. Kiti kilikuwa kifupi, magoti yake yakapanda juu. Bwana Kamili alibaki amesimama ukutani, amekunja mikono.

Cornel aliokota daftari lililokuwa karibu na kulifungua. Alisoma ukurasa taratibu, kisha akaugeuzia darasa. "Kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Mbele ya kila namba kuna herufi. Kule Geita nimekamata karatasi zinazofanana na hii. Zile zilikuwa lugha ya watu wanaopitisha mzigo. Hizi ni za nini?"

Theopista alikuwa amekwisha simama. "Ni programu ya kutafuta siku ya juma, afande. Namba ni mistari, inaonyesha utaratibu wa amri. Mashine inaanza na mstari mdogo inakwenda mkubwa. Mstari wa kumi unauliza tarehe, wa ishirini unauliza mwezi, wa thelathini unauliza mwaka, kisha inakokotoa, kisha inagawa kwa saba na kuchukua baki, kisha…"

"Kaa."

Theopista akakaa.

"Huyu amemezeshwa," Cornel alimwambia mgambo, bila ubaya wowote katika sauti. "Ukimwamsha usingizini atasema hivyohivyo." Macho yake yakapita juu ya vichwa, safu kwa safu, kama mwalimu anayetafuta asiyefanya kazi ya nyumbani. "Wewe. Uliyejificha nyuma ya bega la mwenzako. Simama."

Aliyesimama alikuwa Donatus.

Donatus alikuwa mtoto wa wakulima wa pamba wa Bukombe, mrefu, mkimya, aliyekaa safu ya mwisho dirishani. Majibu yake ya mtihani yalikuwa ya kawaida. Hakunyoosha mkono, kwa sababu aliponyoosha muhula wa kwanza alisema "mstali" badala ya mstari, na kicheko kilichofuata kilimtosha. Sasa Salvina alijaribu kukumbuka siku Donatus alipokaa mbele ya mashine. Alipitia Alhamisi moja baada ya nyingine, tangu Novemba. Hakuipata.

"Mwadila," Cornel alimsalimia, Kisukuma cha mchana, labda ili kumlainisha.

"Mwadila," Donatus aliitika, akitazama sakafu.

"Njoo mbele. Niendeshee hii."

Donatus alikuja mpaka mezani, akasimama. "Sijawahi kuishika, afande."

"Hujawahi kuishika leo?"

"Sijawahi kuishika kabisa."

Jenereta, iliyokuwa upande wa pili wa kanisa, ilisikika vizuri. Cornel aligeuka na kumtazama Salvina mlangoni.

"Miezi saba," alisema. "Mashine ya kufundishia. Na mwanafunzi wako anasema hajawahi kuigusa. Basi ni ya nani, Ndugu Mwalimu? Usijibu. Nafikiri tu kwa sauti."

Aliandika kitu kwenye daftari lake dogo. Salvina alitazama kalamu ile ikienda. Alikuwa na jibu, kwamba mashine ni moja na saa ni mbili, na alijua jinsi jibu hilo lingesikika. Mbaya zaidi ni kwamba maneno ya yule mtu yalikuwa ya kweli kwa namna ambayo mwenyewe hakuikusudia. Kwa Donatus mashine ile haikuwa ya kufundishia. Ilikuwa kitu cha Theopista na wenzake.

"Lakini najua inavyofanya," Donatus alisema.

Cornel aliinua macho. "Kwa kutazama?"

"Kwa kufanya kwa mkono. Ile hesabu yake. Naifanya kwenye daftali."

"Haya. Ile kelele, inaongea na nani?"

"Inaongea na hii tu." Donatus akaonyesha mashine kwa kidole, bila kuigusa. "Ni plogramu imeandikwa kwa sauti. Ukichomoa waya huu, ledio italia hivyohivyo lakini hakuna atakayesikia kitu cha maana."

"Chomoa nione."

Donatus akachomoa waya uliotoka kwenye redio kaseti, akairudisha kaseti nyuma, akaicheza. Mlio ulijaza chumba, mgambo alikunja uso na kusema, "Ndiyo hiyo, afande, ndiyo tuliyoisikia barabarani." Kwenye kioo hakuna kilichobadilika. Donatus akaizima redio. Cornel alisimama kidogo akiwaza.

"Na kama hakuna waya wa kwenda juu, sauti haiwezi kutoka hapa ikaenda mbali?"

"Haina njia, afande. Labda kupitia dirishani, kama ulivyoisikia wewe."

Mtu mmoja darasani alishikwa na kikohozi. Cornel hakutabasamu, ila alivuta benchi akaketi, jambo ambalo Salvina hakujua alichukulie vipi. Saa ya mkononi ya Salvina ilisema kumi na dakika ishirini na tano.

"Mmesema inajua siku. Iulize tarehe tisa Desemba, mwaka sitini na moja."

Donatus alitafuta vitufe kimoja kimoja, kidole kikizunguka juu ya mashine kabla ya kushuka. Tisa. Kumi na mbili. Kuandika mwaka kulimchukua karibu dakika nzima. Kioo kikapepesa, kikaandika JUMAMOSI.

"Hiyo kila mtu anaijua," Cornel alisema. "Uhuru ulikuwa Jumamosi, hata mashine ya kudanganyia watu ingewekewa hiyo. Iulize tarehe tano Februari, sitini na saba."

Salvina alijua kabla kidole cha kwanza hakijashuka. Ilimjia yote kwa pamoja: ubaoni Alhamisi iliyopita alikuwa ameandika kanuni pamoja na sharti lake la Januari na Februari, Theopista alikuwa anaingiza mistari kwa kasi, fundi alikuwa amekwisha toka karakana kwenda kuzima, na yeye Salvina alikuwa amesema, "Ruka hilo, hifadhi kwanza, tutaliongeza baadaye." Hawakuliongeza. Alikuwa amesahau mpaka dakika ile. Alibana kingo za kiti mpaka vidole vikauma.

ALHAMISI, kioo kiliandika.

Cornel alilitazama neno lile kwa muda mrefu. "Siku ya Azimio la Arusha nilikuwa Shinyanga," alisema. "Nilikuwa natoka misa ya pili. Watu hawaendi misa ya pili Alhamisi." Akasimama. "Mashine yako inasema uongo, kijana."

Bwana Kamili alikunjua mikono yake ukutani, akaikunja tena. Theopista alifungua mdomo; mgambo akamtazama, akaufunga. Salvina aliona macho ya Donatus yakimjia, yakitafuta msaada, na alichoweza kufanya ni kutazama pembeni, kwenye ukuta, kama mtu asiyemfahamu. Alikuwa hajawahi kufanya jambo gumu kuliko lile darasani.

Donatus alianza kuhesabu kwa vidole, midomo ikitembea.

"Haisemi uongo, afande," alisema baadaye. "Haijaambiwa."

"Haijaambiwa nini?"

"Kwenye hesabu hii mwaka unaanzia Machi. Ndivyo ilivyotungwa. Januali… Januari na Febluali zinahesabiwa kwa mwaka uliopita. Januari ni mwezi wa kumi na tatu. Febluali ni wa kumi na nne. Mwalimu aliandika ubaoni. Kwenye mashine sharti hilo halikuingizwa."

"Mwezi wa kumi na tatu," Cornel alirudia. Mgambo aligeuza uso, mabega yakamtikisika.

"Ndiyo, afande. Mimi nilifikili nimekosea mwenyewe. Nilijalibu siku aliyozaliwa mdogo wangu, Febluali, ikakataa mala tatu. Halafu nikaona nimeacha sharti."

"Unaweza kuiambia?"

"Najua mistali. Vitufe ndiyo sijui."

Cornel alimtazama Salvina, kisha Theopista. "Wewe binti, utamwonyesha kitufe kilipo. Kitufe tu. Atakachoandika ni chake."

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini na tatu. Theopista alisogea mezani. Donatus alitamka alichotaka, herufi kwa herufi, na kidole cha Theopista kikaonyesha, na kidole cha Donatus kikabonyeza. Mashine ile ilitaka ubonyeze hasa, haikuwa na vitufe vya kuinuka, na mara mbili herufi haikukubali. Mstari wa arobaini na moja ulianza kutokea chini ya kioo: kama mwezi ni mdogo kuliko tatu, basi mwezi uongezwe kumi na mbili. Ulipokaribia kwisha, Donatus alisimamisha mkono hewani.

"Futa," alisema.

"Lakini ni sahihi," Theopista alinong'ona.

"Futa yote."

"Kuna nini?" Cornel aliuliza.

"Mwaka lazima utangulie, afande. Nimeanza na mwezi. Mwezi ukishakuwa kumi na nne, mstali unaofuata utauliza, je, mwezi ni mdogo kuliko tatu? Utakuta si mdogo tena. Utauacha mwaka kama ulivyo." Alifuta jasho juu ya mdomo kwa mkono wa shati. "Inasoma mstali mmoja mmoja. Haikumbuki ilivyokuwa mwanzo."

Salvina aliinamisha kichwa. Kosa lile lingempata hata yeye. Lilikuwa limewapata walimu wenzake kule Uingereza, watu wazima, siku nzima.

Walianza upya. Kumi na moja kasoro kumi. Kasoro nane. Kutoka upande wa karakana msumeno ulinyamaza, na Salvina akajua mafundi wanapanga zana. Alitaka kumwambia Cornel kwamba umeme utakatika, kwamba kila kitu kitapotea na itaonekana wamefanya hila. Neno moja tu. Akaligeuza mdomoni, akalimeza.

Mstari wa arobaini na moja ukaingia. Wa arobaini na mbili ukaingia. Donatus akaandika tano, mbili, na mwaka. Kioo kikapepesa.

JUMAPILI.

Cornel alikuwa ameinama, mikono magotini, uso wake karibu na kioo kiasi kwamba mwanga wa kijivu ulimwangukia puani.

"Tarehe kumi na tisa Januari," alisema polepole. "Sabini na tisa."

Donatus akaandika. Sasa vidole vyake vilikuwa na uhakika kidogo. IJUMAA.

Cornel hakuondoa macho kwenye kioo. "Siku mdogo wangu alipoondoka kwenda vitani," alisema mwishowe, si kwa mtu yeyote hasa. "Mama anasema ilikuwa Ijumaa. Mimi miaka yote nambishia kwamba ilikuwa Jumamosi."

Halafu kioo kikazimika. Nukta moja nyeupe ilibaki katikati, ikafifia. Nje, jenereta ilikohoa na kuzimika.

Cornel alirudi nyuma hatua moja, mkono wa mgambo ukaenda kwenye mkanda wa bunduki. "Imekwenda wapi?"

"Imesahau, afande," Donatus alisema. "Ni saa kumi na moja."

Walibaki wamesimama hivyo mpaka fundi wa karakana alipopita nje ya dirisha akipiga mluzi, na kopo la dizeli mkononi. Ndipo Cornel akalifunga daftari lake.

Wanafunzi waliambiwa watoke. Cornel alimwomba Bwana Kamili naye atoke, na mgambo akasimama barazani. Salvina alibaki kwenye kiti chake kifupi.

"Sasa sema," alisema Cornel. "Si redio. Hilo nimeliona. Nionyeshe karatasi."

Fomu ilikuwa kwenye mkoba wake; usiku uliotangulia alilala nayo chini ya mto. Cornel aliisoma kwa sauti. "Mashine ya kufundishia hesabu, moja. Ungeandika kompyuta, ingefika hapa?"

"Ingebaki uwanja wa ndege."

"Kwa hiyo uliandika ukijua."

Kulikuwa na njia ya kuepa, na Salvina aliiona. Angeweza kusema kwamba inafundisha hesabu, kwamba maneno yale ni ya kweli kila moja. Alikuwa ameyapanga hivyo makusudi.

"Nilijua," alisema.

Cornel alitikisa kichwa kama aliyetarajia jibu jingine na sasa ana kazi zaidi. "Naichukua. Na televisheni. Jumatatu saa mbili asubuhi uwe mkoani, uje na nguo za kubadili."

Mashine ilitoka mlangoni kwapani mwa mgambo, waya ukiburura. Theopista, aliyekuwa barazani, aliukusanya waya ule, akauzungusha vizuri, akauweka juu ya mashine.

Salvina alikwenda Shinyanga Jumatatu na khanga mbili, mswaki na rozari. Kwa siku nne alikaa kwenye benchi la korido, akiitwa na kurudishwa, akiulizwa maswali yaleyale na watu tofauti: nani alimpa, nani alimtuma, anamfahamu nani Nyarugusu. Usiku alilala kwa shangazi yake, asipate usingizi. Pembeni yake kwenye benchi walikaa watu aliowaona asubuhi na ambao mchana hawakurudi. Siku ya tano aliitwa chumba cha mwisho. Ofisa mwenye miwani alikuwa na ripoti mbele yake, naye Salvina aliweza kuisoma kichwa chini miguu juu, kwani ni jambo ambalo walimu wote wanaliweza. *Mwanafunzi ambaye hajawahi kukigusa chombo,* Cornel alikuwa ameandika, *alikieleza, akasahihisha kosa lake mbele yangu. Sioni namna hili lingeweza kupangwa.*

Alipewa barua ya onyo, yenye nakala kwa Mkuu wa shule. Mashine ingebaki mpaka kibali kipatikane. Aliomba kibali mwaka huo, na mwaka uliofuata, kisha akaacha.

Basi lilimshusha Nyamhela Jumamosi mchana. Donatus alikuwa anamwagilia bustani ya shule. Ilikuwa zamu yake. Aliweka ndoo chini.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Walisimama. Salvina alikuwa ameandaa maneno ndani ya basi, kilomita baada ya kilomita, na sasa yalionekana mengi mno.

"Ile hesabu ya Februari," alisema. "Uliigundua lini?"

"Siku ileile uliyoandika ubaoni. Jioni."

"Mbona hukuniambia?"

Donatus alitafakari kwa uaminifu, kama alivyotafakari mbele ya kioo. "Hukuniuliza, Mwalimu," alisema.

Hakukuwa na lawama katika jibu hilo, na ndiyo maana lilimchoma. "Ni kweli," alisema Salvina. "Nilipaswa kukuuliza tangu Novemba. Nimekosa."

Donatus hakujua afanye nini na neno kama hilo kutoka kwa mwalimu. Akaokota ndoo, akaiweka tena chini.

"Alhamisi kutakuwa na kipindi?" aliuliza.

"Bila mashine?"

"Mistali tunayo."

Alhamisi hiyo, saa tisa, jenereta ilipoanza kunguruma kwa ajili ya maseremala peke yao, kidato cha tatu kilitoka uwanjani. Salvina alimpa kila mwanafunzi mstari mmoja ulioandikwa kwenye kipande cha boksi, na kuwapanga kuanzia mstari wa kumi. Kila mmoja angefanya alichoamriwa na mstari wake tu, apokee namba kutoka kwa aliyetangulia, na kumpa anayefuata. Hakuna kumsaidia jirani. Theopista alipewa mstari wa arobaini na moja, akalalamika kwamba ni kazi ndogo. Salvina akamwambia asubiri tarehe ya Januari. Alikwenda mwenyewe kwa kila mwenye kipande, mmoja baada ya mwingine, akawauliza wote ishirini na sita watafanya nini na kwa nini, na wengine hawakujua, na wale alikaa nao mpaka wakajua. Ilichukua saa nzima. Hakuna aliyekimbizana na fundi wa jenereta.

Bwana Kamili alikuwa amefungua dirisha la ofisi yake, akiwatazama. Baada ya muda akatoa kichwa nje.

"Mwalimu," aliita, "mnaweza kunitafutia tarehe ishirini na tisa Februari, mwaka arobaini na nne? Nasikia ndiyo siku niliyozaliwa."

Wanafunzi walitazamana. Kisha aliyeshika mstari wa kumi akapiga hatua mbele.